Dang'a Niliyoonja na Ziwa la Shangazi Felista

Nilipokuwa mtoto wa kimo cha kupita chini ya tumbo la ng'ombe kwa kuinama kidogo tu, nilikaa kwa bibi yangu mzaa baba, upande wa Marangu, juu karibu na msitu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupelekwa kwa bibi akamchotee maji na kumkalia karibu, na mimi Manka nilipelekwa hivyo, bila kuulizwa. Nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, shangazi yangu Felista, binti yake wa mwisho, msichana wa miaka kumi na tisa, na mimi. Wa nne alikuwa ng'ombe. Alilala ndani pamoja nasi, upande wa kushoto ukiingia, na pumzi yake ndiyo iliyotupasha joto wakati wa baridi. Tulimwita Mkahe kwa sababu babu, kabla hajafa, alimleta akiwa ndama kutoka kwa watu wa Kahe kule bondeni.

Ninayoyaeleza hapa ni ya ziwa la shangazi. Nayaeleza kwa sababu mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Eleza tu, Manka. Mimi sasa ni mzee, nani atanitazama kifua?"

Bibi alikuwa na makatazo mengi. Msichana asiruke kamba ya ng'ombe, asikalie kinu, asipige mluzi mgombani. Mengi niliyavunja na hakuna kilichotokea, na Bibi mwenyewe alikuwa akiyasema huku akiendelea na kazi yake, kama mtu anayefukuza kuku. Lakini katazo la dang'a alilisema akiwa amesimama. Dang'a ni yale maziwa ya mwanzo ya ng'ombe aliyezaa, mazito, ya manjano. Siku nne za kwanza ni ya ndama. Ikibaki baada ya hapo, hupikwa ikaganda, na wazee huila kwanza. Msichana ambaye hajazaa haruhusiwi hata kulamba kijiko.

"Akionja," Bibi alisema, "ziwa lake litafunguka kabla ya wakati. Litamwaga na mtoto hakuna. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, Bibi," nilijibu mimi. Shangazi alisema, "Tumesikia, mama," na akanifinya kwa nyuma ili nisicheke.

Mkahe alizaa kahawa zikiwa zimeanza kuiva. Ulikuwa uzao wake wa kwanza, ndama alikuwa mdogo na dhaifu, na kiwele kilijaa mpaka ng'ombe akawa hawezi kutulia. Siku ya pili Felista alimpunguzia kidogo, akaweka kibuyu kando, akatoka kwenda kumkatia mgomba wa kula. Bibi alikuwa shambani. Nilibaki mimi na kibuyu.

Nilichovya vidole viwili, nikalamba. Nikachovya tena. Halafu nikainua kibuyu chenyewe. Ilikuwa nzito kama uji, na kwa mbali ilikuwa na chumvi. Nilipokishusha, kilikuwa kimefika nusu. Nikakumbuka maneno ya Bibi, nikafunua gauni langu nikajitazama. Kifua kilikuwa bapa kama ubao wa kukatia nyama. Nikajiambia: mimi sina ziwa, sasa litamwaga nini? Niliridhika kabisa na hoja hiyo. Felista aliporudi akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akasema labda Mkahe amekipiga teke. Nami nikakubali kwamba labda.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja nilimkuta Felista kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji, akifua shimizi moja peke yake. Kufua shimizi moja si jambo la kawaida. Maji yako mbali, mtu hufua za wiki nzima. Aliisugua mahali pamoja, upande wa kulia wa kifua, akaiinua kwenye mwanga, akaisugua tena. Nilipomkaribia niliona doa la ukubwa wa kifungo. Lilikuwa la manjano. Niliijua ile rangi. Nilikuwa nimeinywa.

Nataka kusema wazi nilichofikiri, kwa sababu watu wazima husahau jinsi mtoto anavyofikiri. Nilifikiri ile adhabu ilikuja kunitafuta mimi, ikakuta hakuna ziwa, ikageuka ikaingia kwa aliyekuwa nalo.

Bibi aliligundua doa baada ya siku chache. Shimizi ilikuwa imeanikwa nyuma ya nyumba, kwenye ua wa masale, chini ya khanga, mahali ambapo mtu huanika anachotaka kisionekane. Aliingia nayo mkononi. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua maharage.

"Felista."

"Abee, mama."

"Hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hili?" Kidole kilikuwa juu ya doa.

Felista alivuta khanga yake kifuani.

"Geuka nikuone."

Aligeuka. Bibi hakumtazama kifua. Alimtazama tumbo. Alimtazama kwa muda mrefu, kwanza mbele, halafu ubavuni, jinsi anavyotazamwa ndama sokoni. Mbege ya posa, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshanywewa. Kijana alikuwa wa Mwika, fundi seremala, na harusi ilipangwa iwe baada ya Pasaka. Wote wawili walikuwa wakilifikiria jambo hilo, na hakuna aliyelitaja.

"Mama, sina kitu," Felista alisema.

"Ziwa halimwagi bure. Kuna mtoto ndani, au alikuwepo akatoka, au umeonja dang'a ya Mkahe. Niambie ni lipi."

Felista alitazama chini. Kisha akasema, bila kutetemeka sauti, "Nimeonja dang'a."

Maharage yalinimwagika. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Bibi alishusha pumzi kubwa, akampiga Felista begani kibao chepesi, kile ambacho mtu humpiga mwenzake aliyemletea habari njema. "Mwizi wewe," alisema, na alikuwa karibu kucheka. "Mtu mzima mwenye mchumba, unamwibia ndama!"

Mimi nilikuwa najua kwamba si kweli. Na nilikuwa sijui kwa nini mtu aseme ameiba kitu ambacho hakukiiba.

Mtu wa kwetu anajua kazi ya sale. Ni lile jani refu la mmea tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, ukaenda kwake na sale mkononi, hana ruhusa ya kukukataa. Anaweza kukusema, anaweza kulia, lakini akishaiona sale lazima asamehe. Nimeona watu waliokatana mapanga wakipatana kwa jani hilo. Kwa hiyo jioni hiyo, jua likiwa bado lipo, Bibi alikata sale, akaifunga fundo, akampa Felista, akampeleka mbele ya ng'ombe.

"Mkahe, mama mwenzangu," alisema kwa Kichagga, kwa adabu kama anaongea na mkwe wake, "huyu binti amemwibia mtoto wako. Tumekuletea sale."

Mkahe alinyoosha ulimi akataka kuila. Bibi akamsukuma mdomo: "Si chakula, wewe! Unaombwa msamaha!" Akamfunga ile sale shingoni, akasema ng'ombe amepokea. Felista alikuwa amepiga magoti kwenye majani ya ng'ombe. Uso wake ulikuwa mtulivu. Nikiukumbuka leo naona ulikuwa uso wa mtu aliyepata mahali pa kujificha.

Ziwa halikukoma. Bibi hakuuliza, akiamini limekoma, Felista hakusema. Alianza kuweka kitambaa cha khanga kuukuu ndani ya gauni, na kukifua mwenyewe alfajiri. Mimi nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo mimi nilijua.

Mara mbili kwa wiki wanawake wa kwetu walishuka bonde la upande wa Himo kukata majani ya ng'ombe. Ni mwendo wa kushuka asubuhi na kupanda mchana, na mzigo kichwani. Siku moja nilifuatana nao. Alikuwepo jirani yetu, Mama Tekla, mwanamke mwenye mdomo usiolala.

"Felista siku hizi anajifunga khanga mpaka shingoni," alisema, akiwauliza wengine kana kwamba Felista hayupo. "Joto lote hili la bondeni! Anaogopa mbu, au kuna mgeni anafichwa?"

Wanawake wakacheka. Felista hakuinua kichwa. "Mama Tekla, funga majani yako vizuri. Mzigo wako unaning'inia kama ulimi wa mbwa."

Wakacheka zaidi, sasa upande wake. Alikuwa hodari wa kujibu. Lakini tulipobaki nyuma na mimi nikamshikia mzigo ili aweke ngata kichwani, alinyanyua mikono na khanga ikateleza. Kitambaa kilikuwa kimehama. Gauni lilikuwa na doa, na safari hii halikuwa la manjano.

"Shangazi, ni damu."

"Nyamaza. Ni ile ile, imebadilika rangi tu."

"Inauma?"

"Haiumi." Alipandisha khanga. "Ingeuma ningejua la kufanya. Inatoka yenyewe, hata sijaligusa. Upande huu mmoja tu." Halafu akanishika kidevu. "Usimwambie mama. Pasaka si mbali."

Tulipanda hadi nyumbani. Sikumbuki kama mzigo ulikuwa mzito.

Nilikaa na jambo hilo siku ngapi sijui. Kwa mtoto siku hazina hesabu. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nikiamka kabla yake na kutazama kitambaa. Mwisho nilimkuta Bibi uani, anamenya ndizi za mtori, mikono imejaa utomvu, nikachuchumaa upande wa pili wa ungo.

"Bibi, sale ikitolewa na mtu asiye na kosa, inafanya kazi?"

"Ifanye kazi gani? Atakuwa anamwombea nani msamaha?"

"Na mwenye kosa je, akikaa kimya?"

Kisu kilisimama. "Manka. Sema."

"Dang'a nilikunywa mimi."

Nilingoja kofi. Halikuja. Bibi aliuliza, kama anayeulizia chumvi, "Kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu kijiko?"

"Nusu kibuyu."

"Yesu na Maria!" alisema Bibi. Kisha: "Na Felista?"

"Sikumwona akinywa. Bibi, linatoa damu sasa."

Alinawa mikono polepole kwa mafuta, maana utomvu hautoki kwa maji. Akamwita Felista, naye akaja, akaniona, akajua. Hakunikaripia. Alisimama tu akiwa ameshika ufagio.

"Huyu mtoto anasema dang'a alikunywa yeye," Bibi alisema. "Wewe ulikunywa?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini ulisema ndiyo?"

"Ulikuwa unanitazama tumbo," Felista alisema. "Ningesema sijui, ungeendelea kunitazama."

Bibi alimpokea ufagio, akauegemeza ukutani. Baadaye, nikiwa mke wa mtu, nilielewa kwamba pale Bibi alikuwa amesikia kitu ambacho hakutaka kukisikia. Alisikia kwamba binti yake alichagua kuitwa mwizi kuliko kutazamwa na mama yake.

Lakini Bibi alikuwa mtu wa utaratibu. Hakukimbilia popote siku hiyo. Alikata sale nyingine, akaifunga fundo, akanipa mimi. Nilipiga magoti mahali pale pale. Nilimwambia Mkahe kwa kinywa changu kwamba nilimwibia mtoto wake na nisamehewe, na nililia kweli, kwa sababu nilidhani maisha ya shangazi yako kwenye pembe za yule ng'ombe. Bibi akasema tutangoja siku nne, kwa ajili ya zile siku nne za ndama.

Siku ya nne alimsimamisha Felista mlangoni, penye mwanga, akamfungua gauni mwenyewe. Hakulibana ziwa, hakuligusa. Tulitazama watatu. Ziwa lilikuwa zuri, halina kidonda, halina uvimbe wa kuonekana, ngozi yake laini. Tone likaja lenyewe kwenye chuchu, jekundu, likasimama hapo.

Bibi alilifuta kwa ncha ya khanga yake. "Sale haikataliwi," alisema. "Haikataliwi na mtu, haikataliwi na ng'ombe. Aliyekosa ameomba. Aliyekosewa amepokea. Basi hili si la Mkahe."

"Ni la nani, mama?"

"Sijui. Ndiyo maana kesho tunakwenda kwa wanaojua. Manka, utabeba ndizi."

Nimewahi kusimulia jambo hili, na watu wakasema, kumbe bibi yako aliacha mambo ya kizamani. Hakuyaacha. Alikufa akiyaamini, na mimi dang'a sikuigusa tena mpaka nilipozaa. Alichofanya ni kuyafuata mpaka mwisho wake, na alipofika mwisho akakubali kwamba amefika. Wako wanaofika pale wakaanza upya: ng'ombe mwingine, jirani mwingine, jicho la fulani. Mama Tekla angefaa kabisa kuwa huyo fulani. Bibi hakumtaja.

Tulishuka asubuhi na lori la ndizi hadi Himo, na kutoka Himo tukapata gari la Moshi. Hospitali ilikuwa ya misheni, yenye benchi refu nje. Bibi alikuwa hajui Kiswahili cha kutosha, lakini muuguzi alikuwa mtu wa huku kwetu, akatufasiria. Felista alipoambiwa avue, alikumbatia khanga yake akagoma.

"Mdogo wangu," yule muuguzi alisema, "aibu iache hapo kwenye benchi. Utaikuta ukirudi."

Daktari alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwenye mikono baridi. Aliipasha kwanza kwa kuisugua. Aliuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kuuliza miezi yote ile. Ni upande mmoja au pande zote mbili? Linatoka likibanwa, au lenyewe? Lilianza na rangi gani? Umewahi kuzaa? Siku zako zinakuja? Unatumia dawa yoyote? Kuna mama, dada au shangazi aliyeugua ziwa? Alipapasa ziwa zima kwa viganja, kama mtu anayetafuta punje kwenye unga, kisha lile jingine, kisha makwapani.

Bibi alisema anataka daktari aambiwe yote, na muuguzi akamwambia yote: dang'a, kibuyu, mimi, sale mbili. Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Daktari hakucheka. Aliuliza tu, "Mmemngoja ng'ombe muda gani?"

"Kama miezi mitatu, tangu lilipoanza," Felista alisema mwenyewe, kwa Kiswahili, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akizungumza juu ya jambo lile kwa sauti ya kawaida.

Daktari alieleza pole pole, muuguzi akifuata. Kwa msichana wa umri ule, alisema, jambo kama hili mara nyingi si ugonjwa mbaya. Mara nyingi, si kila mara. Maji yanayotoka yenyewe, upande mmoja, kisha yakawa damu, hayangojwi, hata kama hayaumi, maana kutouma hakusemi chochote. Kwa kutazama tu yeye hawezi kujua. Itabidi akate kidogo, kipimwe.

Walikata. Mimi nilikuwa nje na ndizi zangu. Kipande kilipelekwa mbali, na majibu tuliyangoja majuma mengi. Nimewahi kungoja mambo mengine maishani, watoto kuzaliwa, mume kupona, lakini kungoja kule kulikuwa na ukimya wake. Bibi aliacha kuimba akikamua. Felista aliendelea kushuka bondeni kukata majani, ila mzigo aliubeba mdogo, na hakuna aliyemtania, kwa sababu sasa watu walijua alikwenda hospitali, na mtu aliyekwenda hospitali hutazamwa kwa namna nyingine. Naye seremala wa Mwika alijua. Felista alimwambia mwenyewe, amesimama naye njiani mchana kweupe. Kijana aliuliza kama itauma akinyonyesha. Hilo tu. Felista aliporudi alisema, "Sikujua kama ni rahisi hivyo." Alikuwa amekasirika kidogo, nadhani, kwa miezi aliyopoteza.

Majibu yalikuja baada ya Jumatano ya Majivu. Ndani ya mrija mmoja wa maziwa palikuwa na kinyama kidogo kama punje ya ulezi. Hakikuwa saratani. Kilikuwa kimetoka chote. Daktari alisema arudi kutazamwa, na akarudi. Kisha akamgeukia Bibi. Muuguzi alifasiri hivi: "Anasema, safari hii mmebahatika. Ingekuwa ile nyingine, miezi mitatu ni mingi."

Bibi alisimama kwanza. "Mwambie nimesikia," alisema. "Mwambie aika." Ndiyo shukrani ya kwetu, na hakuitoa hovyo.

Harusi ilifungwa. Felista alizaa watoto wanne na wote aliwanyonyesha, zaidi upande wa kushoto.

Mimi sikusoma. Niliyoyajua juu ya maziwa ya wanawake niliyajua pale kwenye benchi, na mengine wauguzi wamenifundisha katika miaka ya kupeleka mabinti na wakwe zangu kliniki. Mwaka juzi mjukuu wangu Dorini, anayesoma chuo Moshi mjini, aliniambia ana kigololi kwenye ziwa, tangu muhula uliopita.

"Usipaniki, Bibi," alisema. "Nimesoma kwenye simu. Kwa umri wangu ni homoni tu."

"Hiyo simu ilikupapasa?"

Alicheka, lakini kesho yake tulikwenda. Kilikuwa ni uvimbe wa kawaida wa wasichana, unaoteleza chini ya kidole; walimpiga picha, wakachukua kipimo kwa sindano, wakamwambia hauna neno, arudi baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo simu ilisema kweli. Hata bibi yangu mwenyewe angeweza kusema kweli kwa kubahatisha. Lakini kweli ya kubahatisha si sawa na kweli iliyopimwa, na tofauti yake huijui mpaka siku inapokuwa ile nyingine. Nawaambia wasichana wangu wote: maziwa huuma na kujaa karibu na siku zenu, hayo yatapita, lakini kitu kipya kisichoondoka mwezi mmoja ukapita na mwingine ukaingia, kigumu, au ngozi inayoingia ndani, au chuchu iliyogeuka ghafla, au upele juu yake usiopona kwa dawa, nendeni mkaonyeshe. Damu ikitoka msingoje hata mwezi. Na msimngoje mchumba, wala mtihani, wala Pasaka.

Wananisikiliza kama nilivyomsikiliza Bibi, yaani wanafinyana kwa nyuma.

Juzi nilikwenda Mwika kumtazama Felista. Ni mzee sasa, mjane, ana afya kuliko mimi. Alikuwa barazani anachagua kahawa, zile mbovu anazitupa kwa kuku. Nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza miaka yote.

"Shangazi, mimi ningekaa kimya, wewe ungesema lini?"

Alifikiri bila haraka. "Harusi ingepita kwanza."

"Na harusi ikishapita?"

"Ningepata mimba. Ningesema ni ya mimba."

"Na ukishajifungua?"

"Ningekuwa nanyonyesha. Ziwa la mama anayenyonyesha nani analiuliza?" Akatupa punje moja. "Halafu mimba nyingine."

Alisema bila majuto, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Nilimtazama vidole vyake, nikamwona yule msichana wa miaka kumi na tisa, hodari, mwenye majibu, akizipanga sababu zake moja juu ya nyingine kwa utulivu wote, mpaka isibaki hata siku moja ya kwenda kutazamwa.